Daraja Lililonyamaza: Kisa cha Kenchi za Mbao Nachingwea

Swali lililonipeleka kule lilikuwa fupi: fuso lipite au lisipite? Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, minada ya korosho imekaribia, na magunia ya chama cha msingi yamerundikana kwenye banda la mabati ng'ambo ya korongo. Ghala kuu liko upande wa huku. Katikati kuna daraja la mbao. Mwenyekiti wa chama alinipigia simu akasema, "Fundi, daraja letu sasa zima kabisa. Tumelitengeneza, halipigi hata kelele. Wewe njoo tu utuandikie karatasi." Karatasi yenyewe hakuitaka yeye. Aliitaka mwenye gari, ambaye alikuwa amekataa katakata kuliingiza fuso lake pale mpaka mtu wa ujenzi atie sahihi.

Ile "halipigi hata kelele" niliisikia nikaipita. Ningeishika palepale ningeokoa nusu siku.

Kusini ukitaja daraja, watu wanawaza Daraja la Mkapa pale Rufiji, mita 970, lililofunguliwa 2003, au Daraja la Umoja la Mtambaswala la kwendea Msumbiji. Lakini korosho haianzii safari Rufiji. Inaanzia kwenye makorongo kama hili, moja kati ya mengi yanayomwaga maji Mto Lukuledi. Oktoba ni mchanga mtupu unaounguza nyayo. Kinamama wamechimba visima humohumo mchangani, wanachota kwa kata, polepole, wakisubiri maji yajikusanye. Mgeni akipita wakati huo atauliza daraja la nini. Arudi Februari. Maji yanashuka mekundu, yamebeba magogo, na bila daraja, aliyekwenda shamba asubuhi analala hukohuko.

Kulivuka

Mara ya kwanza nililivuka nikiwa nyuma ya bodaboda, mkoba wa vifaa begani. Dereva alipunguza mwendo, akashusha miguu yote miwili, akawa kama anayetembea huku kaibana pikipiki mapajani. "Mvua ikinyesha hapa panakuwa mlenda," aliniambia. Nilitegemea mbao zigonge kama zinavyogonga kwenye kila daraja la mbao nililowahi kupita, kila ubao na sauti yake. Kimya. Tulikuwa tunapita juu ya udongo mwekundu ulioshindiliwa vizuri, kana kwamba bado tuko barabarani. Umejaa ukingo hadi ukingo, nyasi zimeshaota pembeni, na kwenye kona moja kulikuwa na mbuzi kafungwa anakula.

Nikashuka, nikakaa kivulini kutazama wengine wanavyovuka. Hiyo ni kazi, ingawa mwenyekiti alidhani napumzika. Ikaja kirikuu imejaza abiria na ndoo. Ilipofika mwanzo wa daraja abiria walishuka wenyewe bila kuambiwa, wakavuka kwa miguu, bibi mmoja akiwa na kuku wawili kichwa chini. Dereva akabaki peke yake, akafungua mlango wake nusu, akaushikilia kwa mkono wa kulia, ndipo akaingia. Alipofika upande wangu nilimuuliza mlango wa nini.

"Mazoea tu, bosi. Zamani ukiacha mlango wazi unasikia ubao gani umelegea, unaukwepa safari ijayo. Sasa hivi husikii kitu, lakini mkono umeshazoea."

Habari ya ule udongo ilikuwa hivi. Misimu mitatu nyuma, misumari ya sakafu ilikuwa imelegea, mbao zinaruka gari likipita, na usiku mlio unafika hadi kijijini. Kisha bodaboda mmoja akaingiza tairi kwenye mwanya kati ya mbao mbili, akaanguka, akavunjika mkono. Wananchi wakachangishana, wakaleta tela tatu za udongo wa kichuguu, ule ambao ukishindiliwa na maji unashika kama saruji, wakaumwaga juu ya mbao na kuusawazisha. Mwanya ukazibika na kelele zikaisha. Walichokifanya kinaeleweka kabisa, na mimi sina ubavu wa kuwacheka: nikiwa bado kijana kazini niliwahi kusimamia kazi ya namna hiyohiyo mahali pengine, nikaandika kwenye ripoti kwamba hali ya usafiri imeboreka.

Kenchi mbili na vyuma vyake

Daraja hili lina kenchi mbili, yaani fremu za mbao zilizoungwa pembetatu-pembetatu ili zibebe mzigo, na kila fundi wa paa anaijua kenchi. Hizi tofauti yake ni kwamba mgongo haujachongoka. Juu na chini zimekwenda sambamba, kimo mita 2.4 kutoka mwanzo hadi mwisho. Zimesimama moja kushoto na moja kulia, urefu mita 15.6, na njia inapita katikati yake, chini, juu ya mihimili ya kukingama iliyoshikwa na boriti za chini. Kila kenchi imegawanyika vyumba sita. Ndani ya kila chumba kuna mbao za mshazari, na baina ya chumba na chumba kuna fimbo ya chuma iliyosimama wima, imetokeza juu na chini, imefungwa nati.

Mtindo huu una mwenyewe. Ni William Howe wa Marekani, aliyeusajili mwaka 1840, na ujanja wake bado unanifurahisha. Mti ukisukumwa hauna shida: unakaa tu mwisho kwa mwisho, unabana. Shida ni kuuvuta, kwa sababu lazima uushike kwa bolti, na bolti inapasua ncha. Basi Howe akapanga mshazari wote usukumwe, na kinachovutwa wima akakiweka chuma. Mti mmoja tu ndio uliobaki unavutwa: boriti ya chini. Kwa hiyo anayelikagua daraja la namna hii huanzia chini, hata kama watu wote wanamwonyesha sakafu.

Fimbo hizo zina deni lake. Mbao zikikauka zinasinyaa, mshazari unalegea kwenye kabari zake, na lazima mtu aje na spana kukaza nati. Nati za pale hazikuwa zimeguswa kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuukumbuka. Kutu ilikuwa imeziunganisha na washa zake zikawa kitu kimoja. Mishazari miwili ya katikati niliitikisa kwa mkono ikacheza.

Kuhusu umri wake, kila mtu aliniambia ni "la siku za karanga". Ukanda huu kila kitu cha zamani ni cha siku za karanga, yaani ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga ulioanza 1947 ukafa 1951, na reli yake ya kwenda bandarini iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nami nilitamani iwe hivyo. Lakini mti ukiusoma unasema vingine. Boriti ya chini upande wa juu wa mto ina alama za msumeno zilizonyooka, zimepishana nafasi, nyingine zimekwenda upande: hiyo ni kazi ya wapasuaji wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni. Boriti ya juu ina alama za upinde, basi ilipita kwenye mashine. Mishazari mitatu ni paini, mbao za dawa, na paini haikuwa na njia ya kufika hapa zamani hizo. Na kati ya mihimili ya kukingama mmoja si mti kabisa, ni kipande cha reli. Huo ndio uhusiano pekee na karanga nilioweza kuuona. Daraja lina umri kwa vipande, na hakuna hata kimoja chenye umri wa mwenzake.

Mshazari mmoja ulikuwa umeungua, moto wa kiangazi uliotoka mashambani. Ulitisha kuliko ulivyodhuru: nilipokwangua makaa, sentimita moja tu, chini yake mti ulikuwa mzima.

Nyundo

Siku ya pili nilipewa mwenzangu, mzee seremala ambaye ndiye aliyeitia ile mishazari ya paini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kulipima au kulizika?"

Nikamwambia bado sijui. Akacheka, akavua kandambili zake, akatangulia kushuka mchangani.

Nilivuta uzi kwanza. Kenchi ikijengwa hupewa mgongo kidogo, katikati panyanyuke, ili mzigo ukija inyooke. Hizi zilikuwa zimevuka kunyooka zikaanza kulala: kenchi ya upande wa juu wa mto imeshuka sentimita 3 chini ya uzi, ya upande wa pili 6. Tofauti baina ya hizo mbili ilinisumbua kuliko kushuka kwenyewe.

Nikaanza kugonga boriti ya chini kutoka katikati kwenda nje. Mkongo mkavu ukiugonga unalia, unakujibu mkononi. Ti. Ti. Ti. Nikafika chumba cha nne, cha tano, bado unalia. Mimi nikaanza kukunja vifaa kichwani, maana katikati ndiko kuna mvuto mkubwa kuliko kwote, na katikati pazima. Mzee alikuwa amesimama mwisho kabisa, pale boriti inapokalia ukuta wa mawe, ameweka kiganja chake juu ya mti kama anayempima mtoto homa.

"Huku kuna baridi," akasema.

Nikaenda nikagonga. Bu. Nikagonga tena kiganja kimoja pembeni. Bu. Boriti yote ilikuwa nyeusi inang'aa kwa oili chafu waliyoipaka kuzuia mchwa, na kwa macho ilionekana nzuri kuliko sehemu nyingine yoyote. Oili inawakera mchwa kwa muda, lakini haiingii ndani ya mti kama dawa ya kiwandani. Inabaki ngozi ya nje, na ngozi hiyo inaficha. Nikachukua keekee nikatoboa. Sentimita 3 za mwanzo zilitoka nyuzi kavu za kahawia. Ya nne zikatoka nyeusi, zina maji. Kisha keekee ikatumbukia, ikawa haishiki kitu. Nilipoichomoa, ncha ilinuka kama mchanga wa chini ya mtungi.

Boriti ina upana wa sentimita 20 na kimo cha 25. Pale mwishoni kilichobaki ni ganda la sentimita 4 ubavuni na chini. Upande wa juu umekwisha. Ukipiga hesabu ni nusu ya boriti. Ncha tatu kati ya nne zilikuwa na ugonjwa huo, na ile mbaya kabisa ilikuwa ya kenchi iliyoshuka sentimita 6.

Kwa nini mwishoni? Kwa sababu udongo ulikuwa umedondoka kwenye mianya ya mbao, ukajikusanya ukutani, ukazifukia ncha za boriti kama mtu anayepanda muhogo. Ukungu unaoozesha mti hauwezi kufanya kazi kwenye mti mkavu. Unahitaji maji yazidi kama asilimia 20 ya uzito wa mti wenyewe. Kabla ya udongo, mvua ilinyesha, jua likawaka, upepo wa korongo ukapita kwenye mianya ileile iliyovunja mtu mkono, na baada ya siku mbili daraja limekauka. Baada ya udongo, mvua ya Machi ilikuwa bado imo ndani mwezi Juni.

Na mwisho wa boriti ndipo mahali pabaya zaidi pa kuozea. Fikiria ngazi uliyoiegemeza ukutani: mguu wake unataka kuteleza kwenda nyuma, unauzuia kwa jiwe. Mshazari wa mwisho wa kenchi ndiyo ngazi hiyo. Unasukuma kwenda nje kwa nguvu zote, na jiwe lake ni ile ncha fupi ya boriti iliyo mbele ya mkato unaokalia mshazari. Ncha ikioza, ngazi inateleza na kenchi nzima inakaa chini, kwa ghafla, bila kutanguliza mlio.

Magunia mia moja

Kikao kilifanyika chini ya mwembe. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi ya kitaalamu, nikayaacha yote kwa sababu ya hesabu moja niliyoifanya usiku. Fuso lingebeba magunia 100 kwa safari. Gunia la korosho ni kilo 80, hiyo ni tani 8. Sasa udongo: urefu mita 15.6, upana mita 3, unene sentimita 10. Ni mita za ujazo 4.7 hivi, na udongo ulioshindiliwa haupungui tani 1.7 kwa mita ya ujazo. Tani 8.

Nikawaambia: mnaniuliza kama daraja litaweza magunia mia, nalo limeyabeba usiku na mchana kwa misimu mitatu, hata saa hii tunayoongea.

Kwa haki lazima niongeze kwamba tani 8 zilizotandazwa daraja zima zinaumiza kama nusu ya tani 8 zilizokaa pamoja katikati, na hilo nililisema. Lakini kuna jambo linalokwenda upande wa pili. Mti huvumilia zaidi mzigo wa dakika chache kuliko mzigo uleule ukikaa. Wahandisi hukadiria kwamba mti unaobeba mfululizo kwa miaka kumi unahimili kama asilimia 60 tu ya kile ambacho ungekiweza kwa dakika chache. Ndiyo maana kijana mmoja aliposimama akasema, "Mbona wiki iliyopita lori la tofali limepita na halikuanguka?" sikumbishia. Linaweza kupita mara ishirini. Tofali zilipita zikaenda zake, udongo ulibaki.

Mwenyekiti hakufurahi. Alinifuata pembeni akaniambia kwa upole, "Fundi, watu wamechanga kwa huo udongo. Unataka nikawaambie wautoe?" Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko kenchi, na sikuwa na jibu lake. Aliyelitoa ni mzee seremala: akasema udongo hautupwi, utatumika kujaza mashimo ya njia ya kushukia korongoni. Maana jibu la swali la fuso lilikuwa hapohapo chini ya miguu yetu. Korongo kavu. Lipite mchangani.

Msaragambo ulifanyika Jumamosi. Majembe, makoleo, na kelele za watoto. Chini ya udongo tulikuta mbao 68 za sakafu, na 31 kati yake zilivunjika kwa kukanyagwa. Mbuzi alihamishwa. Kwenye mchanga wakatandika mianzi iliyofumwa mikeka, tabaka mbili, na fuso lilipita safari tatu, likazama mara moja tu, likasukumwa kwa matusi na nyimbo.

Ncha mbaya kuliko zote tuliibadilisha kabla ya mvua. Kupata gogo la mkongo la mita 5 na kibali chake kulichukua wiki tatu. Kulikata na kuliunga kulichukua siku mbili. Tulipanga magogo msalaba-msalaba mchangani kuinyanyua kenchi, tukakata boriti palipo pazima, tukaunga kipande kipya kwa mbao za ubavuni na bolti nane. Ncha mpya haigusi ukuta wala udongo: imekalia jiwe lililoinuliwa, na kiganja kinapita pande zote. Magogo yale tuliyaondoa siku ileile, kwa sababu mvua ingeyageuza kizuizi cha kukamata kila kinachoshuka na mto. Ncha nyingine mbili zilizooza tuliziwekea mbao za ubavuni tu, na nati tulizoweza kuzilegeza tukazikaza. Kwenye karatasi niliandika: miguu, baiskeli, bodaboda, na kirikuu yenye magunia yasiyozidi 8. Fuso hapana. Mwenye gari aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mvua ya kwanza ilikuja magunia 140 yakiwa bado ng'ambo. Yalivuka kwa kirikuu, safari 18, na kila safari kijiji kizima kiliisikia. Mbao mpya na za zamani ziligonga kila moja kwa sauti yake. Bibi mwenye nyumba ya karibu alinilalamikia kwamba nimemrudishia makelele aliyokwisha kuyasahau.

Safari ya mwisho nilipanda mbele, pembeni ya dereva yule. Alifungua mlango nusu, akainamisha kichwa nje. Tulipofika ng'ambo akazima gari.

"Wa nne kutoka mwisho, kulia," akasema.

Nikashuka na nyundo. Msumari ulikuwa umetoka nusu.